Pedeli ya breki ikiwa ngumu: jinsi ya kulitafuta tatizo kabla hujanunua spea

Unakanyaga breki kama ulivyozoea, mguu unagonga mwamba. Pedeli haizami, gari linaendelea kusogea, na unajikuta umenyanyuka kwenye kiti ukisukuma kwa uzito wako wote. Gari linasimama, lakini mbali na pale ulipokusudia. Ukifika gereji unasema breki zinasumbua, na fundi mwenye haraka anachukua chupa ya mafuta ya breki na kuanza kutoa upepo.

Hapo ndipo hela inapoanza kupotea. Kutoa upepo ni dawa ya pedeli laini, ile inayozama mpaka chini au inayotaka kukanyagwa mara mbili ndipo ikamate. Hewa hubonyea, kwa hiyo ikiingia kwenye mabomba ya breki pedeli hulegea. Haiwezi kuifanya iwe ngumu. Pedeli ngumu ni ugonjwa mwingine, una vyanzo vyake na vipimo vyake, na vipimo vitatu vya mwanzo havihitaji hata spana. Vinahitaji mguu wako na dakika tano.

Nilijifunza hili kwa kulipa. Breki zangu zilitolewa upepo mara mbili, nikanunua na masta silinda mpya (pampu inayosukuma mafuta ya breki), pedeli ikabaki vile vile. Kisha mzee mmoja wa gereji ya uchochoroni akaniambia niwashe injini, akaingiza mkono chini ya boneti na kuuminya kwa vidole viwili ule mpira mweusi unaotoka kwenye menifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini) kwenda kwenye busta (kifaa kinachousaidia mguu kusukuma). Ulibonyea kama ndizi mbivu. Kwa nje ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Kwa ndani ulishalainika kwa joto na mvuke wa oili, na kila injini ilipovuta, kuta zake zilikuwa zinagusana na kuziba njia. Tulibadilisha kipande kile, kisichozidi urefu wa mkono, na breki zikarudi siku ile ile.

Msaada unatoka wapi

Kati ya pedeli na masta silinda kuna lile duara kubwa jeusi la bati lililofungwa kwenye ukuta wa nyuma wa injini, mbele ya dereva. Hiyo ndiyo busta. Mafundi wengine huiita haidrovaki. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachogawa chumba pande mbili. Injini ya petroli inapounguruma huku hujakanyaga mafuta, hunyonya hewa kutoka pande zote mbili za kiwambo. Ukikanyaga breki, kivalvu kidogo kinafunguka na kuruhusu hewa ya nje iingie upande wa dereva peke yake, nayo inakisukuma kiwambo kwenda mbele, kwenye masta. Kiwambo chenye upana wa inchi 9 kinaweza kusukuma kwa nguvu inayozidi kilo 200, na wewe umeweka mguu tu.

Basi pedeli ikiwa ngumu, ama msaada huo haupo, ama upo lakini kuna kitu mbele yake, kwenye mabomba au magurudumuni, kinachokataa kusogea. Kazi yote ya kutafuta ni kujua uko upande upi.

Kuna jambo linalowatia watu hofu bure. Injini ikiwa imezimwa, pedeli huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara mbili tatu. Hiyo si hitilafu. Busta hutunza akiba ya kukanyaga mara chache, na ikiisha inabaki nguvu ya mguu. Ndiyo maana tabia ya kuzima gari mteremkoni ili kuokoa mafuta inanikera sana. Ukizima injini juu ya mlima Kitonga, akiba yako itaisha kwenye kona za mwanzo, na usukani nao utakuwa mzito, na nyuma yako kuna lori la mzigo.

Ikikukuta barabarani

Usipampu. Kila ukiachia na kukanyaga tena unaimaliza ile akiba iliyobaki kwenye busta. Kanyaga mara moja, kwa nguvu, miguu yote miwili ikibidi, na usiachie. Mabomba na masta bado ni mazima, breki bado zipo. Zinataka nguvu nyingi zaidi tu. Punguza gia moja baada ya nyingine, na kwa gari la otomatiki sogeza kwenye 2 au L. Hendibreki ivute polepole huku umebonyeza kitufe chake, ili uweze kuilegeza magurudumu ya nyuma yakianza kufunga. Injini iache iwake. Ukishasimama, gari lisiendelee na safari. Livutwe.

Vipimo vitatu vya mguu

Egesha mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, gia iwe P au fri, hendibreki juu. Zima redio na feni, maana masikio nayo yana kazi hapa.

Kipimo cha kwanza. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedeli iwe ngumu na isimame juu. Ikandamize kwa nguvu ya wastani, usiachie, kisha washa injini. Pedeli inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu wako, kama mtu amekupokea mzigo. Ikizama, busta inapata uvutaji na inafanya kazi. Ugumu wako utautafuta magurudumuni na kwenye mafuta ya breki, ruka moja kwa moja mpaka sehemu hiyo hapo chini. Isipozama hata kidogo, msaada haupo, na tunaendelea.

Kipimo cha pili. Acha injini iwake dakika moja au mbili, kisha izime. Subiri kidogo, kanyaga pedeli mara tatu au nne kwa nguvu ya kawaida, ukipumzika sekunde tano hivi kila baada ya kukanyaga. Ya kwanza inapaswa kwenda chini sana, ya pili ibaki juu kidogo, ya tatu juu zaidi. Hiyo ndiyo akiba inavyopungua. Ikiwa ngumu tangu ya kwanza, busta haitunzi kitu: ama valvu yake ya njia moja imekufa, ama kuna mahali panavuja.

Kipimo cha tatu. Injini inawaka, kanyaga breki na uishikilie. Bila kuachia, zima injini. Hesabu hadi 30. Pedeli isisogee. Ikianza kukusukuma mguu kurudi juu, hewa inaingia mahali isipotakiwa wakati breki imekanyagwa.

Wakati unafanya haya, sikiliza chini ya dashibodi, pale fimbo ya pedeli inapoingia ukutani. Pumzi fupi ya "shh" unapokanyaga ni hewa ya kawaida inayoingia kwenye busta. Lakini mlio unaoendelea muda wote umeshikilia pedeli, au sailensa ya injini (mngurumo wake ukiwa hujakanyaga mafuta) inayobadilika na gari kutaka kuzima kila ukikanyaga breki, ni busta iliyopasuka kiwambo au iliyochoka kivalvu cha ndani. Hewa yote hiyo inaingia kwenye injini bila kupimwa, ndiyo maana sailensa inayumba.

Fuata mpira

Mimi sigusi busta kabla ya kuumaliza mpira wake, kutoka ncha moja hadi nyingine. Ni kitu rahisi kukipata, rahisi kukifunga, na mara nyingi ndicho chenye kosa.

Anzia kwenye menifoldi. Pitisha vidole urefu wote wa mpira huku injini ikiunguruma. Unatafuta sehemu inayobonyea yenyewe, sehemu iliyokauka na kupasuka karibu na klempu, na mahali unaposugua bati. Chukua kipande kirefu cha mpira mwembamba, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe kando ya maungio. Uvujaji mdogo utausikia waziwazi. Kuna mafundi wanaopuliza petroli au kabureta klina hapo ili wasikie injini ikibadilika. Jirani yake kuna injini ya moto. Sikio linatosha.

Kisha bana mpira karibu na busta kwa plaizi uliyoifunga kitambaa, injini ikiwa kwenye sailensa. Kama injini ilikuwa inatetemeka na sasa imetulia, uvujaji uko upande wa busta. Kama haijabadilika, achia na uchomoe mpira kwenye busta, weka kidole gumba mdomoni mwake. Unapaswa kuvutwa kwa nguvu mara moja, kidole kiache alama ya duara. Uvutaji dhaifu au usiokuwepo una maana njia imeziba au injini yenyewe haivuti.

Valvu ya njia moja iko ama kwenye busta, ile ya plastiki inayoingia kwenye kipete cha mpira, ama ndani ya mpira wenyewe, na hapo utaona mshale umechorwa juu. Mshale huo uelekee kwenye injini. Nimeshakuta umefungwa kinyume baada ya injini kushushwa, na dereva akaambiwa busta imekufa. Kuipima, ichomoe, ifute, pulizia kwa mdomo. Ukipuliza kutoka upande wa busta hewa ipite. Ukipuliza kutoka upande wa injini ikatae kabisa. Ikipita pande zote imekufa. Ikikataa pande zote imeziba, na hiyo ndiyo inayokupa pedeli ngumu muda wote. Hakuna cha kutengeneza humo, badilisha, na kile kipete cha mpira kwenye busta ubadilishe pamoja nayo, maana kikizeeka kinavuja hata valvu ikiwa mpya.

Ukinunua mpira, nunua wa vakyumu ya breki wenye nyuzi ndani. Usikubali kufungiwa wa maji wala wa mafuta kwa sababu tundu limelingana. Mipira hiyo imetengenezwa kuhimili msukumo wa ndani kwenda nje. Hapa nguvu inatoka nje kwenda ndani, nayo huikandamiza ikishapata joto. Pedeli itakuwa nzuri asubuhi na ngumu mchana kwenye foleni, na utazunguka gereji tatu ukitafuta sababu.

Usisahau chuchu ya bati kwenye menifoldi ambako mpira unachomekwa. Kwenye injini zinazochoma petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zile za D-4 kwenye baadhi ya magari ya Toyota, menifoldi huota masizi mazito kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Ingiza waya taratibu injini ikiwa imezimwa, toa masizi, futa. Yakiwa mengi, menifoldi ishushwe isafishwe.

Injini yenyewe ikiwa haivuti

Mpira ni mzima, valvu nzima, lakini kidole hakivutwi vya kutosha. Hapa geji ya vakyumu inalipa. Iunganishe kwenye menifoldi, injini ikiwa imepata joto na iko kwenye sailensa. Ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, injini nzima ya petroli hukupa kati ya inchi 18 na 22 za zebaki, na mshale umetulia.

Ukiwa nyanda za juu usiihukumu injini kwa namba hizo. Kila unapopanda mita 300 hivi, toa inchi 1. Mbeya na Nairobi ziko karibu na mita 1,700, kwa hiyo gari zima huko linaweza kusoma 12 hadi 16 na halina ugonjwa wowote. Nimesikia watu wakiambiwa injini imechoka kwa sababu fundi alikariri namba za pwani.

Mshale uliotulia lakini uko chini sana huashiria hewa inayoingia kwenye gasketi ya menifoldi, au taimingi iliyochelewa. Mshale unaopiga kwa mpangilio ni valvu ya injini isiyofunga vizuri. Na ukipandisha resi hadi mizunguko 2,500 kwa dakika ukaishikilia, mshale ukaanza kushuka polepole wakati hujasogeza mguu, chunguza bomba la moshi limeziba. Katika hali zote hizi pedeli ngumu ni dalili tu. Tibu injini, breki zitarudi zenyewe.

Gari la dizeli

Injini ya dizeli hainyonyi hewa kwa namna ya petroli, kwa hiyo huwekewa pampu ya vakyumu. Kwenye Hiace na Hilux za injini za 2L, 3L na 5L pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa altaneta na inazunguka pamoja nayo. Ndiyo sababu ninawaambia madereva wa daladala: taa ya betri ikiwaka na pedeli ikawa ngumu kwa wakati mmoja, mkanda wa altaneta umekatika au unateleza. Simama hapo hapo. Akiba ya breki inaisha wakati unajiuliza kama betri itakufikisha.

Kama mkanda ni mzima, chomoa mpira kwenye pampu, weka kidole. Pampu nzima huvuta mara injini inapowaka. Ndani yake kuna vipande vyembamba vinavyoteleza kwenye mifereji, na vinalainishwa na oili ya injini inayoletwa kwa kibomba chake. Oili ikikosekana au ikiwa chafu kama lami, vipande hivyo hulika na pampu hushindwa. Kwa hiyo kabla ya kufunga pampu nyingine, fungua kibomba cha oili uhakikishe hakijaziba, na mpira unaorudisha oili kwenye injini haujakunjika. Ukifunga pampu mpya kwenye kibomba kilichoziba, utainunua tena.

Busta imekufa kweli

Uvutaji ni mzuri hadi kwenye mlango wa busta, valvu inafanya kazi, na bado vipimo vya mguu vinakataa. Sasa ndiyo busta.

Kabla ya kuitoa, jiulize kwa nini imekufa. Angalia kiwango cha mafuta ya breki. Kama kimekuwa kikipungua na huoni tone popote chini, wala magurudumu hayajalowa, mafuta yanatokea nyuma ya masta silinda na kuingia ndani ya busta. Humo huoza mpira wa kiwambo, na mengine huvutwa na injini na kuchomwa. Utaona moshi mweupe nyuma ukiwasha gari. Legeza nati mbili za masta, isogeze mbele kidogo, ingiza kidole kwenye ule mlango wa busta. Kikitoka kimelowa, masta na busta vinatoka pamoja. Kubadilisha busta peke yake hapo ni kuipa busta mpya sumu ile ile.

Kuitoa kwenyewe: kwenye magari mengi masta inaweza kusogezwa mbele bila kufungua mabomba, ukiwa mwangalifu usiyakunje. Ndani ya gari, chini ya dashibodi, toa kipini kinachounganisha fimbo na pedeli, kisha nati nne zinazoshika busta ukutani. Utalala chali na shingo itauma. Tafuta taa ya kichwani.

Ukienda Kariakoo kutafuta busta ya mtumba, peleka ya zamani mkononi. Linganisha upana, urefu wa fimbo ya mbele, na kama gari lako lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge) au halina. Mulika tochi ndani ya tundu la masta. Ikiwa kuna unyevu, au rangi imebanduka na kutu imeanza, iache hata ikiwa ya bei nafuu. Mafuta ya breki hubandua rangi, kwa hiyo rangi iliyobanduka ni ushahidi.

Sasa kwenye ile fimbo ya mbele, inayosukuma masta, ndiko kazi nzuri inakoharibika. Urefu wake hurekebishwa kwa skrubu ndogo nchani. Ikiwa ndefu kupita kiasi, inaishikilia pistoni ya masta mbele kidogo hata mguu ukiwa nje ya pedeli. Kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimefunikwa, mafuta ya breki yanapata joto, yanatanuka, na hayana pa kwenda. Gari linatoka gereji vizuri. Baada ya kilomita kumi pedeli inapanda juu na kuwa ngumu, magurudumu yananuka, gari linajishika lenyewe. Pima kina cha tundu la pistoni ya masta na urefu wa fimbo inavyochomoza, au angalau linganisha na ya zamani kwa venia (kipimo cha milimita) kabla hujafunga. Ufuate uwazi ulioandikwa kwenye kitabu cha gari lako, maana ni mdogo sana na macho hayauoni. Swichi ya taa za breki nayo iangalie: ikikazwa sana inaisukuma pedeli na kuleta balaa hilo hilo.

Busta nzima, pedeli bado ngumu

Ulifaulu kipimo cha kwanza, pedeli ilizama ulipowasha, lakini gari halisimami mpaka ukandamize. Swali la kwanza ni: ugumu ulianza lini? Ikiwa ni mara baada ya kubadilisha pedi, fungua uziangalie. Pedi za ubora duni, au zilizopata joto kali kabla hazijazoeana na diski, huwa na uso unaong'aa kama kioo. Hazishiki, nawe unaongeza nguvu ukidhani pedeli imekuwa ngumu. Zilizolowa oili au grisi hazioshwi, hutupwa.

Kama ulikuja wenyewe polepole, inua gari kwa jeki, liweke kwenye stendi, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Mtu akukanyagie breki, aachie, kisha zungusha tena. Gurudumu linalobaki limeshikwa lina habari. Fungua nipo (skrubu ya kutolea upepo) ya breki ya gurudumu hilo. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, msukumo ulikuwa umenaswa: mara nyingi ni mpira wa breki uliovimba ndani, unaoruhusu mafuta kwenda lakini unakataa yasirudi. Funga nipo, kanyaga tena, sasa legeza ungio la bomba la chuma kabla ya mpira huo. Gurudumu likibaki limeshikwa, mpira ndio mbaya. Likilegea, rudi kwenye masta na ile fimbo. Lakini kama kufungua nipo kulikuwa hakujasaidia chochote, kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) imeganda kwa kutu.

Kwenye kalipa, anza na zile pini mbili za kutelezea. Chomoa, sugua kutu, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya bearingi huvimbisha mipira yake na baada ya miezi michache pini zinaganda kuliko mwanzo. Kalipa ukiifungua ining'inize kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake.

Kosa linaloniumiza kuliko yote ni mafuta yasiyo yake. Mtu anaona kiwango kimeshuka, anamimina oili ya injini au haidroliki ya usukani. Mipira yote ya breki inavimba; pedeli inakuwa ngumu, magurudumu yanashika. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta: mpira wake ukiwa umetanuka na haurudi mahali pake, umeshapata jibu. Kuhakikisha, vuta mafuta kidogo kwa sirinji, dondoshea kwenye glasi ya maji na ukoroge. Mafuta halisi ya DOT 3 au DOT 4 huchanganyika na maji. Ukiona macho ya mafuta yanaelea juu kama mchuzi, oili imeingia. Hapo hakuna kutoa upepo wala kumwaga na kujaza. Mipira yote inabadilishwa, ya masta, ya kalipa, ya wili silinda za breki za ngoma na mabomba ya mpira, na mabomba ya chuma yanasafishwa kwa spiriti na kukaushwa. Ni gharama kubwa, lakini mpira mmoja uliovimba ukibaki utalirudisha tatizo.

Magari yasiyo na busta ya vakyumu

Land Cruiser 100 na baadhi ya Prado zenye ABS hutumia mota ya umeme inayosukuma mafuta ya breki na kuyahifadhi kwa msukumo mkubwa. Hakuna mpira wa vakyumu wa kuminya. Ukiwasha swichi unapaswa kuisikia mota ikinguruma sekunde kadhaa kisha inyamaze. Ikiwa haisikiki, au hainyamazi, huku kengele inalia na taa ya breki inawaka, pima fyuzi na rilei kwanza. Kopo lake la mafuta pia lisomwe baada ya kuzima swichi na kukanyaga pedeli mara 40. Ukilisoma kabla ya hapo utadhani mafuta yamepungua, utajaza, na yatamwagika. Mabomba ya mfumo huo yana msukumo wa hatari hata gari likiwa limezimwa. Usiyafungue kabla hujaumaliza kwa pedeli.

Kabla hujarudi barabarani

Rudia vipimo vitatu vya mguu, vyote. Kisha endesha uwanjani kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ukisimama mara kadhaa. Ukiridhika, toka ukaendeshe kilomita kumi na tano hivi, ukitumia breki kama siku zote. Rudi, egesha, na kabla ya kitu kingine sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa diski. Moja likiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki hiyo inajishika. Inua gari wakati bado lina moto, lizungushe gurudumu hilo kwa mkono, na uanze tena kwenye nipo yake.